Cheche Chini ya Lori

Kuna sauti ambayo kila aliyewahi kulala gesti ya kando ya barabara kuu mjini Isiolo anaijua. Husikika kabla ya adhana ya alfajiri: tak. Kimya. Tak tena. Ni lori la mifugo linalokataa kuwaka. Dereva yuko juu kwenye kabini, ameukaza ufunguo. Chini, mgongo ukiwa juu ya changarawe, taniboi amepenyeza mkono kati ya injini na chesisi. Ana bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, naye anaitega juu ya vichwa viwili vya boliti za shaba. Kimoja kimefungwa waya mnene wa betri, cha pili kinaelekea ndani ya stata, mota inayoizungusha injini hadi iwake.

"Shika ufunguo, mzee, usiachilie!"

Cheche ya samawati inaruka, harufu ya chuma kilichoungua inapanda, injini inakohoa mara mbili kisha inanguruma. Mbuzi waliokwisha kupakiwa wanakanyagana. Taniboi anatoka chini akijipangusa kiwiko, na ncha ya bisibisi yake imepungua kidogo.

Watu hudhani bisibisi ndiyo iliyoliwasha lori. Hiyo ni nusu ya habari. Juu ya stata kuna kopo dogo la chuma, solenoidi, lenye koili inayofanya kazi mbili kwa mpigo mmoja. Husukuma gia ndogo hadi iume meno ya gurudumu zito la injini, halafu huvuta kisahani cha shaba kiziunganishe boliti mbili na kuufungulia umeme njia ya kuingia kwenye mota. Ile tak ni koili ikitimiza kazi ya kwanza. Ya pili imeshindikana kwa sababu kisahani kimeungua, kimejaa mashimo na masizi, hakipitishi kitu. Dereva akiendelea kuushika ufunguo, gia inabaki mahali pake, na bisibisi inashika zamu ya kisahani. Akiachilia, gia inarudi nyuma na mota inazunguka bure. Ndiyo maana ya ule ukelele.

Kwa hiyo bisibisi ile ni swichi, na kazi iliyopewa si ndogo. Lori kubwa huwa na volti 24, na stata yake inaweza kuwa na nguvu ya kilowati 5 au zaidi. Mota ya mkondo mnyoofu, umeme wa betri na sola ambao mafundi huuita disii, ina tabia moja ya ajabu: ikizunguka hujizalishia volti zake yenyewe, na hizo huzipinga volti za betri na kuupunguza mkondo. Ikiwa imesimama haina ngao hiyo. Chukua waya, betri na koili zenye ukinzani wa omu 0.02 kwa jumla, gawa 24 kwa huo, unapata ampea 1,200. Swichi ya taa ya sebuleni huundwa kwa ampea 10 hivi.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na taniboi wa Isiolo si wa kwanza kukutana nao. Karibu miaka 200 sasa watu wanatafuta namna ya kuufungulia umeme mwingi kwenye mota, kuupimia kiasi, kisha kuukata bila kuunguza mkono wala swichi.

Mwaka 1834 Moritz Jacobi, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani, alitengeneza mota iliyoweza kufanya kazi ya kweli, na mwaka 1838 akaendesha nayo mashua yenye abiria kwenye mto Neva huko St. Petersburg. Betri zake zilikuwa za zinki, ghali na dhaifu, na udhaifu huo ndio uliomfichia tatizo. Betri isiyoweza kutoa mkondo mkubwa haiwezi kuyeyusha swichi. Tatizo lilijitokeza baada ya jenereta kupata nguvu. Katika maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873, mashine ya Zénobe Gramme iliyoundwa kuzalisha umeme iliunganishwa na nyingine iliyokuwa inazalisha, ikaanza kuzunguka yenyewe. Jenereta na mota zilikuwa kitu kimoja, na kuanzia hapo umeme haukuwa tena wa kubembeleza.

Kabla ya kuendelea, tuitazame ile cheche. Sehemu mbili za shaba zinazopitisha umeme zikitengana, mkondo haukubali kukatika palepale. Hewa kati yao hupata joto, hugeuka njia, na umeme huendelea kuruka kama moto. Umeme wa stima ya nyumbani ni wa mkondo geu: nchini Kenya hubadili mwelekeo hivi kwamba kila sekunde hupita kwenye sifuri mara 100, na kila ukipita hapo moto wa cheche hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu haupiti kwenye sifuri kamwe. Ukishawaka huendelea kuwaka hadi nafasi iwe pana vya kutosha au shaba iishe. Chukua rilei ndogo yoyote, swichi inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme, kwenye duka la vipuri usome maandishi yaliyo mgongoni. Mara nyingi utakuta inaruhusiwa ampea 10 kwa volti 250 za mkondo geu, na ampea hizohizo 10 kwa volti 30 tu za mkondo mnyoofu. Ni rilei ileile, shaba ileile.

Wenye tramu ndio walioibeba shida hii kwanza kwa uzito wake wote. Frank Sprague, aliyepata kuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, alifungua njia ya tramu za umeme mjini Richmond, Virginia, mwezi Februari 1888, katika mji wenye vilima vya kutisha. Tramu ikisimama kilimani na kutakiwa kuondoka, mota ilidai mkondo wote kwa pamoja. Dawa ya wakati ule ilikuwa vikinzani, mafungu ya chuma yaliyowekwa chini ya behewa. Dereva alianza na chuma kingi njiani, akakipunguza hatua kwa hatua kadiri mwendo ulivyopanda. Ilifanya kazi, lakini kwa hasara. Ukiipa mota nusu ya volti kwa njia hiyo, nusu ya umeme uliolipia inageuka joto chini ya viti. Wahandisi wakapata ujanja mwingine: mota mbili za tramu ziunganishwe kwa mfuatano wakati wa kuondoka, kila moja ipate nusu ya volti, kisha zihamishwe kuwa sambamba gari likishashika kasi. Hivyo ukapatikana mwendo wa nusu bila kuchoma kitu bure.

Uhamisho huo wote ulifanywa na mkono wa dereva kwa mpini wa shaba, juu ya ngoma iliyozunguka ndani ya sanduku mbele ya tumbo lake. Kila hatua ilitoa cheche. Elihu Thomson ndiye aliyepata dawa ninayoipenda kuliko zote katika historia hii, kwa sababu inamfanya adui ajifukuze mwenyewe. Mkondo uleule unaowasha cheche upitishwe kwanza kwenye koili, koili iwe sumaku, sumaku iisukume cheche pembeni kama upepo unavyopinda mwali wa mshumaa, hadi irefuke na kukatika. Mkondo ukiwa mkubwa, cheche huwa kali, na sumaku nayo huwa kali vivyo hivyo. Kontakta kubwa za mkondo mnyoofu, yaani rilei nzito, zinazouzwa leo bado zina sumaku za kupuliza cheche.

Mwaka 1897 Sprague alirudi na wazo lingine, safari hii kwa reli ya juu ya Chicago. Kwa nini mkono wa dereva uguse umeme mkubwa hata kidogo? Aguse umeme mdogo tu, huo uamshe sumaku, na sumaku ndizo ziunganishe swichi nzito zilizo chini ya kila behewa. Dereva mmoja akaweza kuamuru mota za treni nzima. Kopo lililo juu ya stata ya lori la Isiolo lina ujanja huohuo: mkondo mwembamba unapita kwenye ufunguo wa dereva, ule wa mamia ya ampea hauonani naye.

Kulikuwa na aliyekataa kabisa kuukata mkondo mkubwa. Harry Ward Leonard, Mmarekani pia, alileta mfumo wake mwaka 1891. Mota kubwa ipewe jenereta yake peke yake, na mwendo udhibitiwe kwa kuongeza au kupunguza ule umeme mdogo unaolisha sumaku ya jenereta. Hakuna swichi ya kuunguzwa, na mota hupanda mwendo kwa ulaini wa maji. Gharama yake ni kwamba unanunua mashine tatu ili utumie moja. Wenye lifti na wenye migodi walikubali kulipa. Ukoo wa wazo hilo ulifika Afrika Mashariki kwa njia ya reli. Injini za dizeli zilizotengenezwa na English Electric na kuanza kazi hapa mwaka 1960 zilikuwa na dizeli inayozungusha jenereta, na jenereta ikizilisha mota za mkondo mnyoofu zilizo kwenye ekseli. Aliyeiendesha treni ya Mombasa kupanda kutoka pwani alikuwa anapimia sumaku, si kufungua bomba la mkondo wenyewe.

Isiolo haikuipata reli hiyo. Njia ya karibu iliishia Nanyuki, na hata leo reli ya LAPSSET, mradi uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, haijafika. Mji huu ulilelewa na malori. Waingereza waliufanya makao ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na kituo cha kuchunguza mifugo inayoshuka kwenda nyanda za juu. Wasomali walioachishwa kazi ya kijeshi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa nafasi ya kukaa hapa. Hapa palikuwa na kizuizi, na aliyetaka kuendelea kaskazini alihitaji kibali. Hata baada ya uhuru, kwa miongo mingi, lami iliishia hapahapa Isiolo; mbele yake yalikuwa mawe na vumbi hadi Moyale, kilomita 500 hivi. Lami ya njia yote ilikamilika katikati ya miaka ya 2010. Mji wa namna hiyo humpa fundi wa stata chakula cha kudumu.

Na kwa stata yenyewe tunadaiwa na Charles Kettering. Alikuwa amefanya kazi Dayton, Ohio, katika kampuni ya mashine za kuhesabia fedha dukani, na huko alitia mota ndogo ya kufungulia droo. Alipoulizwa juu ya kuwasha gari kwa umeme, wataalamu walikwisha kuamua kwamba mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa karibu kama injini yenyewe. Kettering alijua kutoka kwenye droo jambo ambalo hao hawakulizingatia: mota inayofanya kazi kwa sekunde chache inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa mno kuliko inayofanya kazi mchana kutwa, maadamu inapumzika kabla haijaungua. Cadillac za mwaka 1912 zikatoka kiwandani bila mkono wa kuzungushia. Sharti la sekunde chache bado lipo. Dereva anayeng'ang'ania ufunguo kwa nusu dakika anaikaanga stata, na fundi atakayeifungua ataijua kesi kwa harufu ya vanishi hata kabla ya kuona koili.

Stata haihitaji kupimiwa mwendo. Inahitaji yote au hapana, na kwa kazi hiyo shaba juu ya shaba haijapata mshindani wa bei. Shida ni kwa mota zinazotakiwa kwenda polepole, haraka, mbele, nyuma. Mwaka 1957 wahandisi wa General Electric nchini Marekani walitengeneza thairista, kipande cha silikoni kinachofunguliwa kwa mpigo mdogo wa umeme. Kwa mkondo geu ilikuwa neema, kwa kuwa hujifunga yenyewe mkondo ukipita kwenye sifuri. Kwa mkondo mnyoofu ilikuwa mlango wenye kitasa upande mmoja: ukiufungua, huna namna ya kuufunga. Ilibidi kuweka kapasita na thairista ya pili ya kuupiga mkondo teke urudi nyuma kwa muda mfupi ili ya kwanza izimike. Magari ya kunyanyulia mizigo kwenye maghala yaliendeshwa hivyo, yakitoa mlio kama wa nyuki kila yalipoanza kusogea.

Mwisho wa miaka ya 1970 zikaja transista za nguvu za aina ya MOSFET, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 B. Jayant Baliga, Mhindi aliyekuwa General Electric, akaleta IGBT. Hizi zinafunguka na kufunga kwa amri. Sasa mota ilipewa volti zote, kisha sifuri, kisha zote, mara 16,000 au 20,000 kwa sekunde. Uzito wa chuma chake na koili zake hulainisha mapigo hayo, nayo huona wastani tu. Ukifungua robo ya muda, inapata robo ya volti. Kiwango hicho kilichaguliwa kwa sababu sikio la binadamu halifiki mbali zaidi ya hapo. La mbuzi hufika, kwa hiyo huenda kuna mifugo Isiolo inayosikia mota za pampu za maji zikiimba na hakuna anayeiuliza.

Siri ya transista ni kutokaa katikati. MOSFET iliyofunguka kabisa inaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.002. Kwa ampea 100 inapoteza wati 20, joto la balbu ndogo. Iache nusu wazi, ibebe volti 12 kwa mkondo uleule, nayo inapokea wati 1,200 kwenye kipande kisichozidi ukucha. Haidumu hata sekunde. Tena koili za mota, zikikatiwa mkondo ghafla, hurusha volti nyingi kwa hasira, na pasipo dayodi ya kuupa mkondo huo njia ya kuzunguka, transista hutobolewa mara ya kwanza tu. Kwa volti chache na ampea nyingi, MOSFET ndiyo ya kuchagua, na unaweza kuzipanga kadhaa sambamba, kwani inayopata joto ukinzani wake huongezeka na wenzake hubeba zaidi. Volti zikifika mamia, IGBT hushika zamu.

Maarifa haya yalifika kaskazini mwa Kenya yakifuata jua. Katikati ya miaka ya 1980 Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walihusika kutia umeme wa jua katika shule ya harambee ya Karamugi upande wa Meru, na biashara ya sola nchini ikapata mwanzo wake mmoja hapo. Zilikuwa taa, hazikuwa mota. Pampu za jua za mwanzo zilikuwa na mota za kaboni, vipande vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kuipa umeme, zilizounganishwa moja kwa moja na paneli, na hizo zilikuja na kituko kilicho kinyume cha stata. Betri inaweza kutoa mkondo hadi iunguze. Paneli haiwezi kutoa zaidi ya jua linavyoipa. Kwa hiyo asubuhi pampu husimama, volti zipo, mkondo hautoshi kuisukuma ianze. Dawa ikawa kisanduku cha transista kinachouza volti na kununua ampea: kinakata volti 60 za paneli kuwa 20 na kuongeza mkondo karibu mara tatu, na pampu inaamka saa moja na nusu badala ya saa nne.

Baadaye kaboni zenyewe zikaondolewa. Komuteta, ile sehemu inayosuguliwa, na kaboni zake ni swichi pia, inayobadili mkondo wa kila koili mota inapozunguka, na huchakaa kama kila shaba inayosuguliwa. Kuivuta pampu kutoka mita 100 chini ya ardhi kwa ajili ya kaboni ni upuuzi. Transista zikachukua kazi hiyo nayo, na leo visima vingi vya kaunti hii yenye kilomita za mraba zaidi ya 25,000 vina paneli juu na sanduku la transista ukutani. Misimu mitano ya mvua iliyoshindwa mfululizo kuanzia mwisho wa mwaka 2020 iliwafundisha watu kuhesabu saa za sanduku hilo kama wanavyohesabu ngamia.

Ila sanduku lina udhaifu wake, na mimi nimeuona kwa karibu. Katika kijiji kimoja njia ya Garba Tulla, aliyefunga paneli aliweka kikata umeme cha kawaida cha nyumbani kwenye mkondo mnyoofu wa volti mia kadhaa. Siku ya kwanza mhudumu alipokizima jua likiwa kali, cheche ilikaa ndani haikuzimika, na plastiki ikatiririka ukutani kama nta. Transista zilikuwa nzima. Kilichoungua ni kitu cha bei ya mbuzi mdogo, na maji yakakosekana siku 9 kusubiri kingine kutoka Nairobi.

Transista nazo zinapokufa mara nyingi hufa zikiwa zimefunguka. Mota hupata volti zote na hakuna wa kuiambia isimame. Kwa hiyo kila aliye makini huweka kontakta ya shaba mbele ya transista, isiyopimia chochote, inayosubiri siku ya ajali. Shaba pia hujishona. Kwenye udongo mweusi wa njia ya Merti niliwahi kuona winchi ya gari iliyokataa kusimama kwa sababu kontakta yake ilijiganda ikiwa inapitisha umeme. Waya uliendelea kuvuta, bampa likaanza kupinda, na kijana mmoja akang'oa kichwa cha betri kwa koleo. Winchi ile baadaye ilipatiwa kontakta mpya ya aina ileile. Kulikuwa na pendekezo la transista, na lilikuwa la maana. Mwenye gari aliuliza nani atakayeitengeneza akiwa Merti. Hakuna aliyemjibu.

Lori la alfajiri halikuondoka moja kwa moja. Lilikwenda kwanza gereji, injini ikiunguruma, kwa kuwa hakuna aliyetaka kujaribu bahati ya bisibisi njiani. Fundi aliishusha stata, akafungua kopo la solenoidi kwa boksi namba 10, akamwaga unga mweusi kwenye kiganja. Zile boliti mbili za shaba zilikuwa zimeliwa upande mmoja, umbo la mwezi mchanga, mahali kisahani kinapogonga. Hakuagiza kitu. Alilegeza nati, akaizungusha kila boliti nusu mzunguko mpaka upande wake mzima ukaangalia ndani, akakigeuza na kisahani, akapitisha msasa mara tatu na kupuliza. Dereva alitaka kujua ikiisha tena itakuwaje.

"Sasa hakuna upande mwingine, mzee," fundi alisema, akaanza kukaza.